Sungura Mgeni wa Kijiji

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kamunyonge tumeamka, ila babu yako miguu bado inamsumbua. Umeniuliza kama huyo sungura uliyemnunua, anayepiga chafya, umchanganye na wenzake. Usimchanganye, mama. Mtenge, umwite bwana mifugo.

Wakati wa ujamaa, kule Buswahili, tulikuwaga na banda moja la sungura wa kijiji. Akaletwa mgeni kutoka Kisorya, makamasi yanamtoka, kifua kinakoroma. Mama yangu akasema atengwe kwanza. Mwenyekiti akamjibu mkutanoni: "Hapa hatubagui mtu, sembuse sungura!" Watu wakapiga makofi.

Pamba haijavunwa, sungura wote wakafa, banda likawa tupu. Wakamwita mama alifagie. Akalifagia.

Mpaka leo, makofi yakipigwa mkutanoni, mimi nasikia kile kifua.

Bibi yako