Siku Niliyolitoa Gari la Kiitaliano Rosettenville

Baba,

Samahani kwa mwandiko, naandikia juu ya goti. Tangu tukuzike nilikuwa nafungua karakana yako kila asubuhi, na mtu akigonga tu nashtuka. Jumatano nilipata sababu ya kushtuka.

Waandamanaji waliingia mtaani kwetu Rosettenville wakifunga biashara za wageni kama wewe. Jirani yetu Mreno alipiga simu: "Zuhura, wamechoma gereji ya Wakongo hapo juu. Toka!" Ningetoka, Baba. Lakini gari jekundu la mashindano lilikuwa ndani, na injini yake uliifunga mwenyewe kabla ya kulazwa.

Unakumbuka ulivyonisimulia tukisugua kutu? Kwamba lilijengwa Italia kabla ya Vita vya Pili, likaja kwa meli kushindana huku, likapinduka. Mkulima akalinunua, akang'oa injini, ikamvutia maji kisimani miaka na miaka, bodi ikabaki zizini. "Limepona ajali, likapona na ng'ombe," ulisema, ukacheka mpaka ukakohoa. Mjukuu wa mkulima yule, Mama Elsa wa Midrand, alikukabidhi wewe ulifufue. Sasa lichomwe mikononi mwangu?

Hukuwahi kuniruhusu kuliendesha. Nilipoliwasha, ngurumo yake ilinitisha kuliko nyimbo za waandamanaji nje. Nikatoka nalo. Barabara ilikuwa imejaa watu na marungu. Ikabidi nisimame katikati yao, kwenye gari lisilo na paa wala milango. Kijana mmoja akaniuliza kwa Kizulu natoka wapi. Mimi, niliyezaliwa hapa, na mama wa hapa! Kizulu chote kikanitoka kichwani. Nikamjibu kwa Kiswahili: "Natoka kwa baba yangu."

Baba, nilijua nimekwisha.

Mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma yao: "Eish, huyo ni mtoto wa MaDlamini! Mpisheni!" Kwa jina hilo la Mama wakapisha, kidogo tu. Nilipita nikisikia marungu yakigonga bodi. Njia nzima hadi Midrand, kila roboti ya barabarani iliponiwakia taa nyekundu niliogopa injini itazima. Haikuzima. Mama Elsa alinikumbatia hivyo hivyo nikiwa na mafuta ya gari mwilini, tukalia.

Karakana waliivunja. Spana zako wamebeba zote. Mama yu salama kwa dada yake, lakini halali, nami silali.

Mama Elsa anasema gari litakimbia tena uwanjani, na dereva ni mimi. Siwezi kukuahidi ujasiri, Baba, sina. Nakuahidi nitaliendesha.

Wewe pumzika. Kuogopa niachie mimi.

Mwanao,
Zuhura