Matone ya Pili

Dada,

Nampeleka mtoto kliniki. Kaharisha mara tano tangu utoke, na kunitapikia juu. Shati langu la usaili ndo basi tena. Yale maji ya chumvi ya pakiti nampa kijiko kwa kijiko, anameza. Nepi ziko kwenye beseni, funua kwa tahadhari.

Asubuhi ulipofoka kwamba chanjo ya kuharisha ni kiini macho, sikukwambia ukweli. Chanjo haina kosa. Matone ya kwanza ulimpeleka wewe. Ya pili ulinituma mimi, nikakuta foleni mpaka getini, nikageuza. Nikakwambia kapewa. Kadi hata hukuikagua, uliniamini. Mtoto wa jirani yetu fundi cherehani kapata yote mawili, na tumbo hilihili limempitia siku moja tu, leo anatambaa anacheka. Wetu siku ya tatu, macho yameanza kuzama.

~~Usije, nitakupigia.~~ Njoo moja kwa moja kliniki. Nesi akiuliza nani aliruka tarehe, nitajibu mwenyewe. Kunigombeza utanigombeza, ila mpokee mtoto kwanza.

Mjomba wake