Mke Wangu Amewashia Mkaa Picha ya Darubini

Alhamisi. Upepo umepuliza vumbi kambi nzima ya wakimbizi, hapa Dzaleka, tangu asubuhi. Nimekalia ndoo nje ya mlango wangu mwenyewe, sitaki kuingia. Neno moja baya nimeshalisema. Nikiingia nitaongeza la pili.

Mke wangu ameichoma picha yangu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunabomoa ukuta kwa mzee mmoja wa Chilinde, kule Lilongwe. Alikuwa anatupa makorokoro yake, na ndani yake picha ya zamani sana, karatasi imekuwa rangi ya chai. Ni darubini ya watu wa kale, ya kutazamia nyota: bomba refu kuliko nyumba, limeinuliwa kuelekea mbinguni, limeshikiliwa na miti na kamba kama jukwaa letu la ujenzi. Chini yake watu wadogo wanavuta kamba. Mzee akanieleza ni nini, akasema nichukue.

Mimi shule niliachia sekondari ya pili. Nyota sizijui. Lakini wale wavuta kamba nawajua. Mwezi mzima nimevuta ndoo za zege mpaka viganja vimepasuka. Chini ya picha wameandika jina la mwenye darubini. Majina ya wale wengine, hakuna.

Niliibeba ndani ya mfuko wa saruji, nikashuka basi Lumbadzi, nikaikumbatia juu ya kabaza, baiskeli ya abiria, inayumba. Nikaipigilia juu ya kitanda. Miaka tisa hapa, sijawahi kutundika kitu.

Leo nimerudi, ukutani kuna misumari minne, na mke wangu anapika ugali kwenye jiko la mkaa.

"Picha iko wapi?"

"Njo hiyo mu mbaula, inaivisha nsima yako. Ulitaka nilale chini ya kanoni mpaka lini, Baba Riziki?"

Kanoni! Darubini ameiona mzinga wa vita! Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Mama Nadine, Mrundi asiyepitwa na jambo, akachungulia: "Eeh, komanda amerudi! Batu balale chini?"

Watoto wa jirani wakacheka. Nikamwita mke wangu mjinga, mbele yao wote. Akaendelea kusonga nsima.

Sasa niandike lile nisilotaka kuandika. Kaka yake alikufa kwa bomu kule Bukavu, asubuhi, akinyoa ndevu. Mke wangu ndiye aliyemwokota. Nalijua hilo tangu tuoane. Na bado nikamwekea lile bomba juu ya kichwa siku sita, bila kumwambia ni nini.

Mafundi wote wa Chilinde niliwaeleza. Hata mwenye kabaza nilimweleza.

Mke wangu, hapana. Nyumbani narudi, nakula, nalala.

Hasira bado ninayo. Picha ilikuwa yangu, angeuliza kwanza.

Alipotoa mbaula nje nilichokora majivu kwa kijiti. Kimepona kipande kama kidole gumba: mtu mmoja na kamba yake.

Ameniita kula mara moja, hajaita tena. Nitaingia na hiki kipande. Lakini nianze na lipi: kumwambia huyu mtu alikuwa anavuta nini, au kulifuta lile neno nililomwita?