Kiporo cha Twilumba

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kamwene. Usishtuke kuona mkweo anakusemesha uso kwa uso. Ulipokuwa hai desturi ilinifunga: mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe, haingii jikoni kwake, hali mbele yake. Sasa umelala kule Makambako, mimi nimezeeka, na wazee ambao wangenitoza mbuzi kwa utovu wa adabu wote wamekufa. Acha niseme.

Nakuonea wivu. Nilianza enzi za Mwingereza na bado haujapoa.

Binti yako alipopata mimba ya pili tulimwachisha Twilumba ziwa, nawe ukaagiza aletwe kwako, maana kwetu aliyeachishwa hulelewa na bibi. Nikamleta. Nilikuwa kibarua Njombe, nabandua maganda ya miti ya miwati shambani, nikajisemea afadhali mdomo mmoja umepungua nyumbani. Sikujua namtoa jumla.

Nikipata nafasi nilidandia lori la viazi nije kumwona. Nikifika naketi kwenye kigoda nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko lako. Wewe ndani, mimi nje, na mwanangu mlangoni, mkalimani wa watu wawili waliosikiana vizuri kabisa.

"Twilumba, muulize baba yako kama huko Njombe hawajambo."

"Twilumba, mwambie bibi yako hatujambo, ila nina njaa."

"Mwambie baba yako ugali wake unasongwa. Hiki kilichomo chunguni ni kiporo chako wewe, si cha wageni."

Mgeni. Kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Basi nakaa nasikiliza. Ugali wa jana uliumega vipande vidogo ndani ya mchuzi wa maharage yaliyolala, ukauchemsha upya mpaka ukalainika, ukanyunyizia mbegu za maboga ulizozikaanga na kuzitwanga. Siku nyingine viazi vya jana, ukiviponda na maziwa ya mgando. Hata ukoko uliuloweka, hukutupa kitu. Harufu ilipenya kwenye nyufa za ukuta ikaja kunikaa puani makusudi. Na mtoto alikuwa anakula huku anaimba, mashavu yamejaa kama panya aliyekuta ghala wazi. Kwangu hakuwahi kuimba.

Nikaona dawa ni duka. Nikanunua biskuti za bati kwa Mhindi, nikazibeba kifuani njia nzima zisivunjike. Twilumba akang'ata moja, akanitazama kwa huruma, akaenda kuwapa kuku.

"Zinauma," akasema.

Nikakusikia unacheka huko ndani, unajifanya unakohoa moshi.

Hapo nikachemka. "Twilumba, mwambie bibi yako leo naondoka na wewe. Mwanangu hawezi kukuzwa kwa mabaki kama mbwa."

Mwiko ukawekwa chini.

"Twilumba, mwambie baba yako mtoto ni wake, amchukue. Akikataa kula, asimpige."

Hukuomba abaki. Ungeomba ningejua nimekushinda, na ningeenda zangu nikipiga mluzi.

Njombe mtoto akagoma. Ugali wa moto aliupa mgongo. Nilichinja kuku, akanyonya mfupa mmoja akaurudisha kwenye sahani kwa adabu, kama mgeni wa harusi. Yale mashavu yakaanza kushuka, na miguu ikawa myembamba mpaka nikaogopa kumtazama akitembea. Binti yako alikuwa anamnyonyesha mdogo wa Twilumba, hata hakusimama.

"Uliyemleta ni wewe," akaniambia. "Mlishe."

"Anataka kiporo."

"Mpe."

"Nikitoe wapi?"

Alicheka mpaka kichanga kikaachia ziwa. "Utakitoa wapi, baba Twilumba, na wewe unafuta chungu kwa kidole? Unadhani kwa mama kinabaki chenyewe? Mama anapakua, anakula nusu, anasema ameshiba. Hajashiba tangu umpelekee mtoto."

Mtu mwingine angetubu papo hapo. Mimi wivu ulipanda juu zaidi. Kumbe bibi kizee ananishinda kwa njaa, na njaa nami ninayo, tena ya kijana.

Nilipopakuliwa nikala nusu, nikasema nimeshiba. Sijawahi kusema uongo mgumu kama huo, hata kwa msimamizi. Nikaufunika ule ugali na maharage kidogo, nikaweka juu ambako mkono wangu usingefika kwa urahisi, maana naujua.

Kulipokucha nikaingia jikoni. Jirani alipita akachungulia.

"Baba Twilumba, mkeo amefariki?"

"Mzima. Pita."

Nikamega, nikachemsha, nikatwanga mbegu na kidole changu pamoja. Mtoto akanusa. Akala kijiko, akala cha pili. Cha tatu akaanza kuimba, nami nikageukia moshi nipate kisingizio cha macho. Akamaliza, akanyoosha bakuli.

"Bibi, niongeze."

Mama mkwe, nimelala njaa mimi, nimepondeka kidole mimi, na sifa umechukua wewe uliyekaa zako Makambako. Nilitaka kumwambia bibi yuko mbali, mimi ni baba yako. Lakini bakuli lilikuwa limenyooshwa na ile miguu nilikuwa naiona.

Nikaitika. Nikamwongeza.

Leo Twilumba mwenyewe ana mjukuu. Kila akimega ugali wa jana anakutaja: hivi ndivyo bibi alivyonilisha. Niko palepale kwenye kiti namsikia, na vile viporo vyangu vya Njombe havikumbuki hata kimoja, vyote amekuandikia wewe. Mara kadhaa nimefungua mdomo nidai haki yangu. Halafu naona kile kitoto kinavyosikiliza habari zako kikiwa kimejaza mashavu, naufunga.

Basi pumzika, mama. Sikuombei baya lolote huko uliko. Nakuombea tu usahauliwe kidogo, hata asubuhi moja, ili na mimi nitajwe.

Mkweo mwenye wivu,
Baba Twilumba