Kumwita Bosi "Bro"

Dada yangu mpenzi,

Hata kabla ya salamu nakusihi: haya yabaki kifuani mwako, shemeji naye asijue yametoka kwangu. Sasa shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na watoto hawajambo. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama.

Mkurugenzi wetu mpya alipita meza kwa meza akitangaza kwamba ubosi umekwisha; tumwite "bro", kama vijana wanavyoitana. Mama wa chai akamjibu kwamba kaka anao watatu na wanamtosha, huyu atamwita mwanangu. Tulicheka, naye akacheka. Madereva wakaulizana pembeni ni kaka gani huyu asiyejua hata majina yao. Lakini neno likakolea. Akikuongezea kazi saa ya kutoka husema, "Nisaidie, bro," nawe unajikuta umekubali huku unatabasamu.

Jana kikaoni, dereva tunayemwita Twiga alisimama akasema, "Bro, breki za lile lori jekundu zimekwisha. Siliteremshi mlimani." Mkurugenzi akacheka, akamshukuru kwa uwazi wake. Baada ya kikao akaniita, akafunga mlango, akasema Twiga amemzoea mno. Anamwita bro mbele ya wageni kana kwamba wamelelewa pamoja. Kufikia mchana Twiga alikuwa nje ya geti na kifurushi chake. Ndipo nilipoelewa, dada: neno lile likishuka kutoka kwake ni sukari, likipanda kutoka kwetu ni utovu wa adabu.

Breki hazijaguswa. Nilithubutu kuuliza, nikaambiwa karani ashike kalamu, magari awaachie wenyewe.

Sasa lililonifanya niandike. Jumatatu likizo ya shemeji inaisha, na lori hilo amepangiwa yeye. Nimeamriwa nisimwambie kitu. Unamjua mumeo: mkubwa akimpiga bega na kumwita bro, atapokea ufunguo kwa mikono miwili. Mzuie. Gombana naye ikibidi. Akikubishia, mpeleke kwa Twiga, ambaye hana tena cha kuogopa, atamweleza mwenyewe.

Nibusie watoto. Usipige simu ofisini hata kidogo. Piga kwa fundi cherehani anayekaa chini ya chumba changu, umwambie tu kwamba shemeji amekubali kubaki. Nisipopata neno hilo hadi Jumapili jioni, Jumapili hiyohiyo nitakuja kwenu kumwambia mwenyewe, kazi na iende.

Ni mimi, mdogo wako.