Mrija wa Wodi ya Wanaume

Kericho, Jumanne

Mama Rael mpendwa,

Nakusalimu kutoka hospitalini huku ambako mvua hunyesha kila alasiri bila kukosa. Mashamba ya chai uyaonayo kwenye picha ya kalenda yetu, mimi nayaona kutoka kitandani.

Dawa ya kifua changu ni chupa ya maji yenye mrija wa mpira. Kila asubuhi sisi wagonjwa huketi duara na kupuliza polepole hadi maji yatoe mapovu, ili makohozi yalegee. Anayeweza kupuliza kwa hesabu ya kumi huruhusiwa kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa nikiishiwa na pumzi nikifika nne.

Jirani yangu wodini ni Arap Tonui, yule tuliyemtoa katika ushirika wa kanisa kwa sababu ya pombe. Siku ya kwanza alivuta badala ya kupuliza, akameza maji. Mazoea ya mtungi wa pombe hayo, ule wanaouzunguka na kuunyonya kwa mirija mirefu. Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta.

"Mwalimu," Tonui akaniambia, "miaka yote ulitukataza mrija wetu wa pombe, na leo umeushika wako kwa mikono miwili!"

"Huu ni wa maji," nikamjibu.

"Ndiyo maana unauogopa. Legeza mabega, mzee mwenzangu."

Nikayalegeza. Leo nimefika kumi, na Alhamisi natoka.

Wakikuuliza kanisani nimepataje nafuu, sema ni kwa maombi. Si uongo, kwa kuwa tuliomba kila siku kabla ya kupuliza. Usiseme tu kwamba aliyeongoza maombi ni Tonui.

Jifunike vizuri, baridi ya huko nyumbani Boito haina adabu.

Wako daima,
Baba Rael