Kwa Nini Hakusimama

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wote mliomo humo ndani. Natumai goti lako limetulia, na kwamba shemeji ameacha kumeza vidonge vyako akidhani ni vyake. Mimi huku ni mzima kwa kadiri ya mzee anayekaa peke yake: nakula nikikumbuka, nalala nikichoka. Kilichonisumbua ni kidole gumba cha mkono wa kushoto tu, nacho nitakueleza habari zake mbele, maana zimo ndani ya habari yenyewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeiogopa. Nikisikia sauti yako nitageuza maneno, na haya nataka yakufikie yalivyo.

Bila shaka huko nako redio haina wimbo mwingine. Tangu mwanao Babu, askari wetu aliyerithi jina la baba yetu, ampige risasi yule fundi rangi kwenye kona ya kibanda changu, miezi miwili sasa, watu hapa wamegawanyika mafungu mawili. Wapo wanaosema askari naye ni mtu, ana mama yake, hawezi kungoja achomwe kisu ndipo afikirie la kufanya. Wapo wanaosema bunduki zimekuwa nyepesi mno mikononi mwao, na kwamba aliyekufa alishika rola ya rangi, si kisu. Kwenye kipindi cha mchana kuna askari mstaafu na mwanasheria mmoja wanaogombana kila siku, hata vikohozi vyao nimevijua. Kinyozi jirani yangu amebandika karatasi ukutani: HAPA TUNANYOA TU. Aliibandika siku wateja wawili walipotaka kupigana, mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Nilicheka, nikatafuta wa kucheka naye, sikumpata.

Lakini mafungu yote mawili yanakubaliana jambo moja. Sheria inamtaka askari aonye kabla ya kufyatua. Kama Babu alimwambia yule mtu asimame, kisha akapiga, basi ni bahati mbaya na kazi yake inabaki. Kama alipiga kwanza, ni jela. Mwenzake Babu alikuwa bado ndani ya gari, vioo vimefungwa. Walikuwa wakimtafuta mtu aliyevunja duka la simu, na fundi rangi akatokea kichochoroni mbiombio na rola yake mkononi. Barabara ilikuwa tupu, ni saa saba ya jua kali. Mtu wa karibu nilikuwa mimi, nimekaa mlangoni na kiatu cha mteja kwenye chuma.

Unakumbuka usiku ule kabla sijaitwa mbele ya kamati ya uchunguzi ulinipigia ukaniambia: kaka, sema ulichosikia tu, hatukuombi zaidi. Nikaenda. Waliniuliza kama nina undugu na askari, nikakiri kuwa ni mtoto wa dada yangu, na nadhani kukiri huko ndiko kulikowafanya waniamini. Nikawaeleza kwamba nilisikia “Simama! Polisi!” halafu nikasikia mlio wa bunduki. Mama mmoja wa kamati aliona kitambaa nilichofunga kidoleni, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikasema ni ajali ya kazi. Hakuandika kitu. Ulipopata habari ulinipigia ukilia, ukasema nimekuzalia mwanao mara ya pili.

Tangu siku hiyo, dada, nimekuwa mpweke kuliko hata mwaka ule niliofiwa na mke wangu. Lile benchi langu ulilolicheka ukasema ni bunge la wasio na kazi, sasa halina mtu. Wanaomlilia fundi rangi huvuka barabara wakifika kwangu. Wanaomtetea Babu huja kunipa mkono na kuniita mzalendo, na hao ndio siwezi kuwatazama. Redio nimeizima. Nikipiga msumari nasikia nyundo yangu mwenyewe, basi.

Wiki tatu zilizopita alikuja mke wa marehemu. Sikuwahi kumwona, ila alipotoa kipande cha kadi ninachowapa wateja, chenye namba ya viatu, moyo ulinipasuka. Mumewe alikuwa mteja wangu. Viatu vyake vya kazi vilikuwa kwangu vikingoja soli, na siku ile alikuwa akikimbilia kuvichukua kabla saa ya chakula haijaisha. Nilikuwa nimevimaliza. Nilivifunga vizuri na sikupokea malipo. Hakunitukana, dada, ningefurahi kama angenitukana. Alikaa kwenye benchi, viatu mapajani, akaniambia kwamba mumewe alikuwa mtu mwoga wa ugomvi, akipigiwa honi na baiskeli anaomba radhi. Akasema watu wanamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hata shangazi wa marehemu amesema hivyo msibani. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia: kama aliambiwa asimame, kwa nini hakusimama? Alitaka kujua kama alikuwa na siri, kama kuna maisha yake mengine ambayo yeye mkewe hakuyajua. Nikasema sijui. Akashukuru, akaondoka.

Jumatano iliyopita akaja Babu mwenyewe, mchana, amevaa nguo za nyumbani. Amekonda. Usinikasirikie kwa kukuambia; najua kwenye simu hukwambia anakula vizuri. Alivua viatu akanipa, na havikuwa na ubovu wowote. Nikaanza kuvipaka rangi ili mikono ipate shughuli. Kisha akaniuliza kama ni kweli alitamka lile neno kwanza. Akasema yeye hakumbuki. Kichwani mwake kuna mlio tu, na mtu aliyeanguka, na kwamba alichoeleza mbele ya kamati alikitoa kwenye maneno yangu. Nikamwambia ndiyo, mjomba, ulisema kwanza. Akainamisha kichwa. Nilidhani nimempa nafuu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa nayo alipokuwa mtoto akivunja vikombe vyenu: basi kwa nini hakusimama, mjomba?

Swali lilelile, dada. Watu wawili wasioweza kukaa chumba kimoja wameniletea swali moja, na kila mmoja anakufa nalo kivyake. Jibu ninalo mimi peke yangu.

Hakusimama kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame. Mlio ulitangulia. Nilikuwa ninapigilia kisigino cha kiatu, bunduki ikalia, nikashtuka, nyundo ikanishukia kidoleni. Nilikuwa nimeshakitia kidole mdomoni na machozi yananitoka ndipo nikasikia sauti ya mwanao ikiita “Simama! Polisi!” kwa mtu ambaye tayari alikuwa chini. Sikukosea na siwezi kusema nilichanganya. Nilipanga maneno kinyume kwa makusudi, mbele ya watu, kwa sababu nilimkumbuka Babu akitambaa na jina la baba yetu mgongoni, na nikakuona wewe. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imekuwa ndefu, na nimechoka.

Kamati inafunga kazi Jumatatu. Nimekwenda kuomba nafasi, wamenipa ya kwanza asubuhi. Barua hii itakufikia Jumamosi, ili usilipate neno hili redioni kabla hujalipata kwangu. Babu nitamwambia Jumapili, ana kwa ana, nikiwa nimemkamata mkono. Nadhani ataumia. Nadhani pia atalala. Kisha nitakwenda kwa yule mama mwenye viatu, nimwambie mumewe alikuwa yuleyule aliyemjua.

Ulinituma niseme nilichosikia. Hukunituma vibaya. Mimi ndiye niliyekwenda vibaya, nawe ndiye utakayelipa, na hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko jela watakayonitisha nayo.

Msalimie sana shemeji, na wale watoto wa chini. Usimwache shemeji aendeshe gari siku utakayoisoma hii. Kama hutaki kuniandikia, nitaelewa. Kama utaniandikia matusi, yaandike kwa mkono wako mwenyewe usimpe mtu akuandikie, nipate angalau kuuona mwandiko wako.

Ukucha wangu bado una weusi kidogo, kwenye ncha tu. Ningekuwa nimeshaukata wiki hii. Nimeuacha hadi Jumatatu, ili yule mama wa kamati aniulize tena.

Ni mimi kaka yako,
na bado mjomba wa Babu,
Fundi Viatu